Uzi wa Buluu Kwenye Feni

Mama Faili, karani wa shule, alikuwa ameshanyoosha kidole, na kidole kikishanyooshwa hakirudi hivi hivi.

"Aliyeigusa kompyuta ya ofisi mwisho jana jioni ni Mwalimu wa Hesabu," alimwambia Mkuu wa shule mbele ya walimu wote. "Mimi niliiacha nzima."

Mwalimu wa Hesabu, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mbu, alisema alichapa jaribio tu, akaizima. Kengele ikalia, akaenda zake darasani. Asiyekuwepo na lake halipo. Akasemwa mpaka chai ikapoa.

Hiyo ilikuwa saa tatu. Sasa ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini, na saa sita kamili usajili wa mtihani wa mwisho ungefungwa. Majina na picha za watahiniwa arobaini na wawili vilikuwa ndani ya kompyuta hiyo moja. Asiyesajiliwa angekaa nyumbani mwaka mzima.

"Washa tena, Mama," alisema fundi, mwanamke kijana mkavu wa maneno.

Mama Faili akabonyeza. Taa ikawaka, maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, na roho yake ikapanda nayo. Kabla ya kuhesabu mia, ikazima. Giza.

"Mara ya tano hiyo!" Mkuu alifoka. "Watoto wa watu hao!"

"Umeme upo, waya nimebadilisha," fundi alisema. "Haigomi kuwaka, Mkuu, inagoma kukaa." Akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa upesi. "Imechemka kama birika."

Akakiondoa kitambaa cha kufuma kilicholifunika kasha, akakitupia kitini, akashika bisibisi. Zimebaki dakika kumi na nne. Skrubu ya mwisho ilikuwa na kutu, ikazunguka bila kutoka. Mkuu alitembea dirishani na kurudi, dirishani na kurudi, mpaka Mama Faili akatamani kumfunga kamba.

Kifuniko kikatoka. Feni ilikuwa imesimama. Fundi akaingiza kibanio, akavuta taratibu, ukatoka uzi uliojiviringisha shingoni mwa feni. Wa buluu.

Mama Faili akakitupia jicho kitambaa pale kitini. Kitambaa kile alikifuma mwenyewe likizo iliyopita, cheupe chenye matamvua ya buluu, kwa sababu kitu ukikipenda unakifunika. Hakukitoa hata mashine ikiwa kazini, na matamvua yalining'inia nyuma, pale pale feni inapopumulia. Akakikalia haraka. Fundi alimwona, akageukia kifuniko.

"Washa, Mama."

Zimebaki dakika nane. Feni ikazunguka. Kioo kikawaka, kikabaki kinawaka. Mama Faili alifungua orodha, akabonyeza kutuma. Picha zikapanda moja moja. Kumi na tisa. Thelathini. Kwenye thelathini na sita mtandao ukasita, na hapana aliyevuta pumzi mle ofisini. Kisha ukaendelea.

Saa sita kasoro dakika moja: *Yamepokelewa, 42.*

Mkuu alijifuta jasho. "Haya, ilikuwa nini?"

Fundi akamtazama Mama Faili, kisha akaitazama bisibisi yake. "Uchafu tu, Mkuu. Vumbi vumbi."

Alitaka kumsitiri mtu mzima. Lakini Mkuu alidaka neno hilo kama paka.

"Vumbi! Chaki za Mwalimu wa Hesabu zile! Si nilijua? Mama Faili, mchapie barua ya onyo sasa hivi, nitaitia sahihi. Iingie kwenye faili lake." Akatoka.

Ng'ambo ya ua sauti ya Mwalimu wa Hesabu ilisikika, akimweleza mtoto jambo lile lile kwa mara ya tatu bila kukasirika. Mama Faili aliona aibu iliyomchoma hadi machozi.

"Mama, mimi sijasema kitu," fundi alinong'ona.

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema."

Barua za onyo alizijua kwa moyo. Miaka kumi na tisa aliwachapia wengine. Akaweka tarehe. Akaweka kichwa cha habari. Alipofika mahali pa jina la mkosaji, akaandika lake, herufi kwa herufi, na kwenye kosa akaandika: kitambaa.

Akaitoa kwenye printa ingali moto. Akachukua na kitambaa chake, akaenda kugonga mlango wa Mkuu.