Maharage ya Mtu wa Nje

Nina mkahawa mdogo nyuma ya kituo cha basi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipika nisichokijua. Homa ilinilaza kitandani, ikaniachia, lakini haikuondoka mikono mitupu. Ilibeba ladha zangu zote. Chumvi, sukari, pilipili, ndimu, vyote kwangu ni maji ya bomba. Daktari alinishauri nivute subira. Nimeivuta mpaka mikono imeota sugu. Na mpishi asiyejua chumvi ni sawa na kinyozi asiyeona: wateja wakigundua, kila mtu atashika kichwa chake na kukimbia. Kwa hiyo sikumwambia yeyote isipokuwa binti yangu.

Binti ndiye aliyekuwa ulimi wangu. Nikishaunga maharage, namdondoshea mchuzi kiganjani, analamba, anafumba jicho moja, kisha anatoa hukumu. "Imepungua, mama." Au, "Hapo hapo, usiguse tena." Hata siku tulizonuniana, na sisi tukinuniana tunanuniana kweli, kiganja alikileta.

Kisha akaingia kwa Watu wa Pazia.

Wenyewe wana jina lao refu, ila mji mzima unawaita hivyo kwa sababu walinunua ghala la zamani la saruji, wakatundika mapazia mazito madirishani, na hawajayafungua tangu siku hiyo. Wanasali humo, ila wanasalije, hakuna wa nje ajuaye. Ukiwauliza wanatabasamu. Mimi naamini tabasamu hilo ndilo lililowaponza. Watu wangewasamehe hata matusi. Uvumi ukaota kama magugu: wana jeneza mle ndani, wanalala wamesimama, wanakunywa kitu cheusi. Fundi bomba aliyeitwa kuwazibulia choo alitoka akasema ameona viti na ndoo, basi. Watu walimkasirikia kana kwamba amewaibia.

Aliyewapinga kwa sauti kubwa kuliko wote ni kaka yangu, mwalimu mstaafu. Tunamwita Spika, maana hata akikuomba maji ya kunywa anakuhutubia. Alikuwa anaalikwa redioni kila wiki kuwachambua. "Lisemwalo lipo," anasema, "kama halipo laja." Nami nikiwa jikoni naijibu redio: "Lipo, ndiyo. Lipo kinywani mwako."

Msidhani nilikuwa upande wao. Nilikuwa na kesi yangu nao, na ilikuwa moja tu. Mtu wa Pazia hali chakula kilichopikwa na mtu wa nje. Na mtu wa nje, eti, ni mimi niliyemzaa.

Kila Jumamosi binti alikuja, gauni la kijivu hadi kwenye vifundo vya miguu, akakaa kwenye kigoda chake kando ya jiko, akanimenyea viazi. Tulipiga soga, tukawasengenya majirani, tukacheka. Lakini hata chai hakugusa. Jumamosi ya kwanza nilimletea mwiko kama kawaida, naye akaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyevunja glasi.

"Siwezi, mama. Nimeahidi."

Nililia, nikasingizia vitunguu.

Tangu hapo nikatia chumvi kwa macho na kwa dua. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka, alisukuma sahani na kuniuliza, "Mama, leo umetupikia au umetukausha kama samaki?" Kesho yake, nilipopunguza, akauliza kama maharage yana msiba. Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nawaka.

Mambo ya Pazia yakakua mpaka kamati ya mji ikaitisha kikao cha hadhara kusikiliza wanaolalamika. Spika akaja mkahawani na koti lake la harusini.

"Dada, wewe ndiye shahidi wangu mkuu," akasema. "Wengine wote wanasema walisikia. Wewe umenyang'anywa mtoto."

"Sijanyang'anywa. Anakuja Jumamosi."

"Anakuja mwili! Akili imebaki kule. Sema amekonda, sema macho yake yamebadilika, sema wanamnywesha kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukilia kidogo pale mbele, ghala lile linafungwa."

"Nikilia nitalia kwa ajili yangu, si kwa ajili ya koti lako," nikamwambia. Lakini sikukataa. Hasira yangu ilitaka jukwaa, naye alikuwa nalo.

Jumamosi iliyofuata binti alimenya viazi. Alipofika kwenye kiazi cha mwisho akakigeuzageuza mkononi.

"Mjomba amekuomba useme kikaoni."

"Ameniomba."

"Mama, kuna utaratibu kwetu. Ndugu wa mtu akitusema hadharani, yule mtu haruhusiwi tena kuingia nyumbani kwa ndugu huyo. Sikutishi. Nakwambia tu ujue."

"Na hapa?"

"Hapa ndipo nyumbani," akasema.

Nilitaka kumrushia sufuria. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikafanya kazi ya tatu, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ukumbi wa mji ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Watu wa Pazia walikuwa safu za kushoto, kijivu kitupu, binti yangu katikati yao. Kiongozi wao, wanayemwita Mlezi, zamani aliuza miwani sokoni, na hata sasa anakutazama kana kwamba anapima macho yako. Spika alihutubia mpaka mwenyekiti akamwonyesha saa. Kisha nikaitwa.

"Sema bila woga, mama," mwenyekiti akasema. "Umeona mwanao akinyweshwa kitu?"

"Sijaona."

"Amekonda?"

"Amenenepa. Nadhani kule wanapika vizuri. Hilo nalo linaniuma."

Ukumbi ukacheka. Spika akajishika paji la uso.

"Sasa malalamiko yako ni nini?"

Hapo ningeweza kusema sina, nikakaa. Jumamosi yangu ingebaki salama, na siri yangu pia. Nikamtazama binti. Alikuwa ananitazama na mikono ameificha mgongoni, vilevile kama siku ile ya mwiko. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nimeshalia vya kutosha.

"Mimi siijui ladha ya kitu," nikasema. "Tangu nilipougua. Nyinyi mnaokula kwangu mlinilaumu, na mlikuwa na haki. Huyu binti ndiye aliyekuwa akinionjea. Tangu ajiunge na hawa hanionjei tena, kwa sababu nimekuwa mtu wa nje. Majeneza siyajui. Lakini nataka niambiwe ni Mungu gani anayeogopa maharage yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona dereva wa lori kule nyuma ameshusha kofia yake.

Mlezi akasimama. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulinichoma zaidi. "Dada yangu, pole kwa maradhi. Hatumlazimishi mtu yeyote. Na mambo ya meza yetu hayajadiliwi nje."

"Najua hamlazimishi," nikamjibu. "Mngelazimisha ningefurahi, ningejua wa kumpiga."

Nikarudi kukaa. Kwenye safu za kijivu, binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua nimeshamfungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kamati ikasema itakaa tena, kama kamati zote. Nje, Spika alinishika kiwiko.

"Nimekupa jukwaa uwaangushe, wewe unakwenda kusema maharage!"

"Ndiyo niliyonayo, kaka. Wewe una redio."

Hakunisemesha kwa siku kadhaa, na kwa kweli nilipumzika. Mkahawani wateja wengine walipotea. Waliobaki nikawawekea kopo la chumvi kila meza, kila mtu ajihukumu mwenyewe. "Kumbe ulikuwa mgonjwa," dereva wa lori akaniambia, akinyunyiza. "Mimi nilidhani umetuchoka." Akala sahani mbili. Nadhani ya pili alikula kwa huruma, lakini nilimtoza.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nilitoa kigoda chake bila kufikiri, nikakikuta kimekaa kando ya jiko peke yake. Nikakirudisha stoo. Baadaye nikakitoa tena, nikajifanya nakihitaji kuwekea ndoo. Nikamenya viazi mwenyewe, vibaya, nusu ya kiazi ikaenda na ganda. Nilijuta nilichosema, halafu nikajikasirikia kwa kujuta, maana kilikuwa kweli.

Maharage yalikuwa yanachemka, nimeshayaunga, nimesimama juu yake na kopo la chumvi nisijue nitie au niache, mara kivuli kikapita mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa amesimama nje, ncha za viatu vyake kando kabisa ya kizingiti. Hata kidole hakikuvuka.

"Marahaba. Huingii?"

"Siruhusiwi."

"Basi umefuata nini?"

Akanyoosha mkono juu ya kizingiti, akafungua kiganja.

Nilisimama kama mjinga. Ikabidi aniambie, "Mama, yataungua." Nikachota kwa mwiko, nikapuliza, nikamdondoshea. Akalamba. Akafumba jicho moja, lilelile. Kisha akageuka, akatema kwenye mfereji, akajifuta midomo kwa mkono wa gauni.

Iliniuma, sitasema uongo. Mara ya mwisho kutema chakula changu alikuwa hajaota meno, na siku ile nilimchapa kijiko cha kidevu. Safari hii nilishika mwiko kwa mikono miwili.

"Hujala," nikasema.

"Sijala."

"Na hujaingia."

"Sijaingia."

"Mlezi wako anajua?"

Akanitazama. Pembe ya mdomo ilikuwa inamcheza kama alivyokuwa mdogo akiiba sukari.

"Mambo ya meza yangu hayajadiliwi nje, mama."

Nilicheka mpaka nikashika mlango, na katikati ya kucheka machozi yakanitoka, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia. Naye alikuwa akilia, upande wake wa kizingiti. Hakuna aliyevuka.

"Imepungua," akasema hatimaye. "Ongeza kidogo."

Nikarudi jikoni, nikaongeza, nikakoroga, nikachota tena. Nilipofika mlangoni, kiganja kilikuwa bado kimenyooshwa.