Mitungi Miwili Uvunguni

Mwaka ule uliofuata njaa ya mahindi ya manjano, Waruguru alikuwa na siri mbili chini ya kitanda chake pale Umoja, na zote mbili zilikuwa za mafuta.

Ya kwanza ilikuwa yake. Mafuta ya kugandishwa yalikuwa yameadimika dukani kwa Abdinoor, kwa hivyo akanunua uto wa maji kule Majengo, mtungi mzima wa plastiki, wa kukaangia mandazi yake ya biashara. Na mwanamke mwenye akili zake haachi mtungi wa uto jikoni katika ploti ambayo milango inatazamana. Jirani ataingia na kikombe: "Niazime tone tu, Mama Ndindi." Na tone la jirani linajaza sufuria. Ndiyo maana uto ulilala uvunguni, kama mwizi.

Siri ya pili ilikuwa ya mumewe, Gachanja, dereva wa Mkurugenzi mmoja mjini. Hii ilikuwa oili ya gari. Ile oili aliyoizoea Gachanja tangu ujana wake katika gereji za Gikomba ilikuwa nzito kama asali. Ungeimimina, uende ukasalimie watu, urudi uikute bado inateremka. Hata kipofu asingeikosea. Lakini tangu petroli ilipopanda bei, Wajapani walikuwa wakiunda injini ndogo, zilizobana, zinazotaka oili nyepesi ili zisinywe petroli kama walevi. Gari jipya la Mkurugenzi lilikuwa la namna hiyo. Oili yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ang'avu, inatiririka kama maji.

"Hii ni chai ya rangi," alisema Gachanja siku alipoileta, akiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, maana fundi wa Gikomba haamini kitu mpaka vidole vyake vikubali. "Injini itakunywa hii na kuuliza chakula kiko wapi. Lakini Mzee ameagiza. Na nikiiacha ofisini, walinzi wataiiba. Wacha ilale hapa mpaka Jumatatu nikaibadilishe."

"Ilale na mwenzake," Waruguru akasema, akausukuma mtungi uvunguni. Ilikuwa mitungi pacha, ungedhani imezaliwa na mama mmoja.

Jumatatu ikafika. Waruguru aliamka na mafua ya kumwaga machozi, pua zimeziba kabisa. Akawasha jiko la makaa, akavuta mtungi, akamimina kwenye karai, akaurudisha mbio uvunguni kabla mlango wa jirani yake Asenath haujafunguliwa. Akaanza kukaanga. Huku nyuma Gachanja, akiwa amechelewa, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine bado, aliinama, akapapasa, akabeba mtungi wa kwanza uliogusa mkono wake, akaondoka.

Mandazi yaliisha yote. Watoto wa shule walinunua, mafundi walinunua, Abdinoor alinunua. Mafungu ya mwisho yalichukuliwa na Wekulo, mume wa Asenath, akitoka zamu ya usiku kule kiwandani.

Jua lilipopanda, Waruguru akaanza mkupuo wa pili. Mafuta ya asubuhi yalikuwa yamejaa makombo meusi, akayamimina kwenye mkebe wake. Akavuta mtungi uliobaki uvunguni, akatia mafuta mapya, akangoja yapate moto, akatumbukiza donge la unga.

Donge likazama, wala halikuibuka kuvimba kama andazi lenye adabu. Likakaa chini na kugeuka rangi ya jivu, na juu ya karai ukapanda moshi wa buluu, kama ule wa Peugeot kuukuu inayopanda mlima. Macho yakamwasha. Aliinua mtungi, akatia tone kwenye vidole, akasugua kama alivyozoea kumwona mumewe akisugua. Na mtungi ulikuwa huu mmoja tu uvunguni; basi ndio alioutumia hata asubuhi.

"Ngai, Mungu wangu," akanong'ona. "Nimewakaangia watu oili ya gari."

Akaliondoa karai motoni. Watoto wote wale! Akawaona wamejipanga darasani, mmoja mmoja anashika tumbo. Akaiona karandinga ya polisi mlangoni, na majirani wakisema: yule mwanamke, aliona uto ni ghali. Wazo likamjia la kumwaga kila kitu chooni na kunyamaza. Nani angejua? Alishaubeba mtungi, amefika mlangoni, ndipo akasikia sauti ya mwanamume kutoka kwa Asenath: "Uuuwi! Tumbo! Asenath, nakufa!"

Akautua mtungi pale mlangoni. Alivuka ua bila viatu.

Wekulo alikuwa amelala kitandani kwake amejikunja. Asenath amesimama kando na kikombe cha maji moto, uso hauna huruma hata kidogo.

"Mpeleke hospitali," Waruguru alisema akihema. "Mpeleke sasa hivi. Ni mimi. Ni mandazi yangu."

"Sema polepole, Mama Ndindi. Umemlisha bwanangu nini?"

"Oili."

"Oili gani?"

"Ya gari. Ya gari la Mkurugenzi."

Wekulo akafungua jicho moja. "Kwani mimi nimekuwa Datsun?"

"Nyamaza wewe, unakufa," Asenath akamwambia. Akaweka kikombe chini, akamshika Waruguru mkono. "Twende nione huo mtungi."

Asenath alikuwa na pua mbili nzima. Aliunusa mtungi, akakunja uso. Akanusa karai, akalisukuma kwa mguu. Halafu akaona mkebe kando ya jiko. "Na haya?"

"Ndiyo niliyokaangia asubuhi."

Asenath akainama, akanusa, akachovya kidole na kukilamba. Waruguru alifumba macho.

"Huu ni uto."

"Usinidanganye kwa sababu ya huruma."

"Huruma mimi? Na tangu lini una uto na hunipi?" Akauinua mtungi. "Hebu tazama. Umekaanga wiki nzima, na huu umejaa karibu na shingo. Leo ndiyo mara ya kwanza kuumimina huu, mama. Asubuhi ulitumia mwingine."

Waruguru alitazama. Hofu ilikuwa imemziba macho kama mafua yalivyomziba pua. Akaketi chini, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mimi naumwa nini sasa?" Wekulo akauliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Unaumwa ulafi!" Asenath akamjibu. "Ulikula mafungu matatu peke yako!"

Asenath naye akacheka, mpaka akakoma ghafla, mkono mdomoni. "Mama Ndindi. Kama oili iko hapa, uto wako uko wapi?"

Wakatazamana.

Uto ulikuwa ndani ya injini ya Mkurugenzi.

Hofu iliyorudi haikuwa ile ya kwanza. Hii ilikuwa baridi, ya polepole. Mkurugenzi alikuwa mtu aliyemfukuza dereva kwa kupiga mbinja. Na miaka ile, mkubwa akiharibikiwa na gari njiani, dereva haulizwi amekosea vipi. Anaulizwa ametumwa na nani. Kulikuwa na watu waliochukuliwa kwenda kuulizwa swali hilo, na waliporudi hawakuwa na hamu tena ya kuongea hata na wake zao.

Waruguru alikimbia kwa Abdinoor kupiga simu. Karani wa ofisini akajibu kwa uvivu: "Wametoka asubuhi. Wameenda Nakuru."

Waruguru aliijua ile barabara, inavyoteremka ukingoni mwa bonde, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hewa tupu. Akaiona injini imekwama. Akamwona Gachanja wake amesimama kando ya barabara, kofia mkononi.

Hakupika. Hakula. Kila gari lililonguruma lilimwinua, na kila lililopita lilimkalisha. Asenath alikuja kukaa naye, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuomba kitu.

Jua lilipokuwa likizama nyuma ya nyumba, gari la kijivu likaingia mtaani, taratibu, likasimama mbele ya ploti. Mapazia yakachungulia. Gachanja akashuka kwanza, uso kama unga wa muhogo. Akafungua mlango wa nyuma, na Mkurugenzi akatoka, tumbo likitangulia.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mzee," Gachanja akasema.

Waruguru akapiga magoti pale pale vumbini. "Mzee, nisamehe..."

"Nikusamehe nini? Tangu Limuru mpaka Nakuru, na kurudi, nanusa mandazi ndani ya gari langu! Nimemuuliza huyu ameyaficha wapi. Ananiambia hana, ila mkewe ni mkaanga mandazi, harufu imeingia kwenye koti. Siwezi kulala na njaa ya namna hii. Yako wapi?"

Waruguru alimtazama mumewe. Mumewe alitazama boneti, kisha akatazama mbinguni. Alikuwa amekwisha kujua.

Alikaanga kwa mafuta ya mkebe, katika karai la kuazima kwa Asenath, na kwa haraka zake mandazi yakatoka na pembe tano. Mkurugenzi aliyala akiwa amesimama, akiegemea gari lililonukia kama karai. Asenath alisimama mbele ya ule mtungi wa oili, ameutandazia leso.

"Na nyinyi mafundi wa Gikomba," Mkurugenzi akasema akijifuta midomo, "mlikuwa mnabeza oili nyepesi. Leo gari limekwenda laini kama halina injini! Gachanja, sitaki kingine. Hiyo hiyo uliyotia leo, kila mara. Nitaijua kwa harufu."

Akaingia garini, akafunga mlango.

Gachanja alibaki amesimama, mkono kwenye kitasa. "Mama Ndindi," akanong'ona, "uto ukipikwa siku mbili humo ndani utageuka gundi. Nikiumwaga, ataikosa ile harufu. Nisipoumwaga, injini itakufa. Nifanye nini?"

Waruguru akapenga kamasi, akafikiri.

"Mwaga," akasema. "Na kila asubuhi utaondoka na mandazi mawili ya moto. Uyafiche chini ya kiti chake."