Vidonge vya Umwali

Mama Emérita, muuguzi wa Karuba, alikuwa amekwisha kuufunga mguu wa Umwali kwa mbao mbili za kitanda, lakini vidonge bado alivishika mkononi. Alimtazama Marcellin, baba wa mtoto, kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuuvuka.

"Ni tramadol," alisema hatimaye. "Sina dawa ingine ya maumivu. Nusu asubuhi, nusu saa sita, nusu jioni, mupaka mukute daktari kule Sake."

Marcellin alirudi nyuma hatua moja. "Usinipe mimi, Mama. Mupe yeye."

Miezi tisa alikuwa hajaionja dawa hiyo. Kabla ya hapo, miaka mitano mizima, alibeba magunia ya mawe ya madini katika njia za msitu hadi soko la Mubi, na vidonge vile ndivyo vilivyombeba yeye. Siku wenye bunduki walipovamia kambi ya wachimbaji, alikimbia na dawa zake mfukoni. Umwali, aliyekwisha kufiwa na mama, Marcellin alimwacha amelala kibandani. Mtoto alikuwa na miaka saba. Wanawake wasiomjua walimwokota baada ya siku mbili, wakampeleka Karuba kwa bibi yake.

Kila Alhamisi, nyuma ya kituo cha afya, Mama Emérita aliwakusanya akina baba watano waliokuwa wakiiacha dawa hiyo. Aliwafundisha kukaa chini wanapozungumza na mtoto, kumwomba radhi bila kujitetea, kuja siku waliyosema watakuja. Marcellin hakukosa hata siku moja. Umwali, sasa wa miaka kumi na miwili, alimpokea kwa adabu, kama mgeni wa bibi. Jumapili ile ndipo alipomwita Papa kwa mara ya kwanza. Jumanne bomu liliangukia nyumba. Bibi alitolewa kifusini akiwa maiti, Umwali akiwa amevunjika mguu.

Basi Marcellin alimbeba mtoto mgongoni, katikati ya watu, magodoro na ng'ombe waliokuwa wakikimbia vita. Mvua ilinyesha.

"Umemeza?" alimuuliza asubuhi, na tena saa sita.

"Nimemeza, Papa."

Hata hivyo, kila unyayo wake ulipoteleza, alisikia meno ya mtoto yakisagana nyuma ya sikio lake. Alasiri, kwenye mwinuko mkali, aliteleza. Walianguka matopeni. Umwali alipiga yowe, na kiganja chake kikafunguka. Vidonge vyote vilikuwamo, nusu mbili zikiwa zimelowa mate.

"Haukumeza hata kimoja?"

"Hapana."

"Muguu hauumi?"

"Unaniuma sana." Alimnyooshea kiganja. "Niko nakuchungia, nakuwekea wewe. Bibi alisema ukikunywa hii unapata nguvu ya kubeba. Kunywa, Papa. Usiniache tena."

Mwili wa Marcellin ulielewa kabla yake. Mate yalimjaa kinywani. Aliujua uchungu ule wa ulimini, alilijua joto ambalo lingepanda kutoka tumboni, magoti yakanyamaza, na wangefika Sake kabla ya giza. Hakuna Alhamisi iliyomfundisha la kumjibu mtoto anayetoa nafuu yake mwenyewe ili asitupwe.

Alichukua nusu moja, akaipeleka kinywani mwa Umwali. Umwali alikaza meno. Alimbana taya, kama ndama anayekataa dawa, akamfungua kwa nguvu, akamziba mdomo hadi koo lilipotikisika. Wapita njia waligeuka kumtazama. Mtoto alilia kilio ambacho mguu haukukileta.

"Sasa utaniacha," alisema.

Vilivyobaki Marcellin alivirudisha mkononi mwa mtoto, akamkunja vidole kimoja kimoja, kisha akamgeuzia mgongo.

"Panda."

Alikwenda hatua thelathini, akaanguka. Akainuka, akaenda ishirini. Mikono ya Umwali ilimkaba shingo, ngumi yenye vidonge ikimgandamiza chini ya kidevu hata akapumua kwa shida. Hakumwambia alegeze.