Blanketi Juu ya Dunia

Nchagwa alikuwa mtu wa moto. Huko Kehancha kazi yake ilikuwa kukausha tumbaku, na akisema kibanda kimepoa, wewe leta kuni, usibishane naye. Leo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika wodi ya watoto njiti, kifua wazi, mwanawe wa kwanza amefungwa juu yake kwa shuka, ngozi kwa ngozi. Mdogo jamani! Kichwa kilienea kiganjani. Emmaculate, mke wake, alikuwa bado amelala baada ya upasuaji, ndipo nesi Edith akamwambia baba avue shati. Mwanamume wa Kikuria, mtoto kifuani! Nchagwa aliangalia mlango kwanza, kisha akavua.

"Joto lake bado halijui kukaa," Edith alimwambia. "Likishuka, tunampoteza. Wewe ndiye mama sasa."

Edith alipogeuka tu, Nchagwa akafanya mambo ya kibandani. Akaongeza blanketi, juu yake koti lake zito, akafunga na dirisha. Haukupita muda mtoto akawa mwekundu, anahema mbio mbio. Nchagwa alipiga ukelele, wodi nzima ikageuka.

"Yawa! Unampika?" Edith alitupa koti na blanketi kitandani, akafungua dirisha. "Joto huingia, hukaa, halafu sharti litoke. Lisipotoka linaua, sawa na lisipokaa."

Wakangoja. Nchagwa alikuwa akiomba bila sauti. Polepole pumzi ya mtoto ikatulia.

Edith alimwonea huruma. "Toa mkono dirishani," alisema.

Jua lilikuwa limeshatua, lakini saruji ya uani ilikuwa bado inapandisha joto, likamgusa kiganja.

"Kwetu kisiwani Rusinga," Edith akasema, "tukianika omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mawe, jioni ukikalia jiwe linakuchoma makalio, na jua halipo. Ardhi inarudisha ilichopewa. Dunia nzima iko hivyo, inapokea na kuachilia kwenda juu. Hewa ndiyo shuka yake. Ingevuliwa, hata ziwa letu lingeganda. Na sisi kwa moshi wetu tunaiongezea mablanketi."

Nchagwa aliinua macho. Miaka yote alikuwa akiona anga, hakujua kwamba ndiyo iliyomfunika. Alikumbuka kuni alizochoma, akaingiwa na hofu. Kisha mshangao ukaizidi hofu: milima, ng'ombe, ziwa na watu wote, chini ya shuka moja isiyoonekana, na joto linapita humo bila kelele, kama kwa huyu mtoto.

"Mungu wangu," alisema. "Nani aliipima hii?"

"Mimi napima watoto tu," Edith akacheka.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Boke, mama yake Nchagwa, na blanketi jipya, nene, lile ambalo bibi humnunulia mjukuu wa kwanza. Hata hakushangaa kuona kifua cha mwanawe. Alilikunjua moja kwa moja ili amfunike mtoto.

Nchagwa hakuwahi kumkatalia mama yake kitu.

"Hapana, mama."

Boke alisimama na blanketi mikononi, uso umesawijika. Nchagwa akamshika mkono, akauingiza chini ya shuka, akauweka kwenye mgongo wa mtoto. Boke akaupapasa taratibu.

"Hili joto ni lako?" aliuliza.

"La kwake, mama. Tumwachie."

Boke akalikunja blanketi lake kwa mkono mmoja, akaliweka kitandani, akalikalia, mkono wake bado uko chini ya shuka.