Gari la Kuku Laenda Harusini

Kwa msasa, Nyaboke usimchezee. Alizaliwa Tabaka kwenye mawe ya sabuni, akakua akiyasugua kwa maji hadi kinyago cha kiboko kikawa laini kama shavu la mtoto. Na asubuhi hiyo ya harusi, mjini Kisii, aliletewa kiboko ambaye hajawahi kumwona: gari zima lenye vitanda, jiko na choo ndani, mwili wake wote wa faiba, ile plastiki ngumu ya kutengenezea mashua.

Lilikuwa gari la Mohamednoor. Alilinunua kwa wageni waliochoka kuzunguka, akaliegesha Nyamarambe kando ya banda, na kuku wakahamia bila kumwomba ruhusa. Sasa dada yake, Hawo, alitaka limpeleke bintiye Ilwad kwa mume huko Nyamira, yeye na shangazi zake wote. Kumbe Farhiya, mama wa bwana harusi Abdiaziz, alikwisha kusikia, na ulimi wa Farhiya hauna breki. "Mtatuletea bibi harusi kwa gari la kuku?" aliuliza mbele za watu, akacheka mpaka akakohoa.

Hawo alilia siku hiyo. Nyaboke, ambaye kibanda chake kimepakana na cha Hawo sokoni miaka na miaka, alimshika mkono. "Nyamaza, dada. Niachie mimi. Litang'aa mpaka huyo mama akose la kusema."

Basi alfajiri ya siku ya harusi akaanza. Sabuni, maji, msasa laini, maji tena. Unga wa manjano wa faiba iliyochakaa, uliolifunika gari lote, ukatiririka chini, na weupe ukachungulia. Eh! Nyaboke alisikia moyo ukimruka. Alipanda ngazi, akashuka, akaimba nyimbo za kanisani Nyanchwa kwa sauti ambayo kwaya isingeikubali.

Ikabaki nta. Kwao Tabaka jiwe hupashwa moto kwanza, ndipo linywe nta vizuri. Kwa hiyo akamwambia Mohamednoor aliweke gari palipo na jua kali, akangoja liwe moto, akalipaka upande mzima, juu hadi chini. Kisha akachukua kitambaa kufuta.

Yaaya! Nta haikutoka. Ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Alisugua hadi mkono ukafa ganzi, akaacha michirizi na mabaka tu. Gari lilionekana limeugua surua.

Hawo akatoka, akaliona, akashika kichwa. "Dada Nyaboke, ni nini hii? Farhiya amepiga simu, yuko njiani! Anasema anataka kuliona kwa macho yake kabla halijamfikia mlangoni!"

Nyaboke alitamani ardhi immeze. Aibu yake angeivumilia, lakini ya Hawo, tena siku ya harusi ya mtoto wake! Akaketi kwenye ndoo.

Ilwad naye akatokeza, hina mikononi, akapitisha kidole kwenye kona ya nyuma. "Anti, mbona hapa panateleza?"

Nyaboke akaruka. Kona ile ilikuwa kwenye kivuli cha paa la duka. Akaifuta mara moja tu, na weupe ukatoka, mzito, unaong'aa. Akapiga kofi. "Jiwe hunywa nta! Faiba hainywi kitu, inachomwa na jua tu! Mohamednoor, lete gari kivulini, mbio!"

Likaletwa. Wakalimwagia maji lipoe, wakalikausha. Nyaboke akapaka nta mpya juu ya ile iliyokauka, kipande kidogo tu, ikalainika, akafuta papo hapo. Ikatoka! Lakini gari lilikuwa refu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Hawo akaita jikoni, na wanawake waliokuwa wakipika pilau wakaja na vitambaa, mmoja akipaka, mwenzake akifuta, wakisukumana na kucheka na kupigana vijembe. Pilau iliungua kidogo. Hakuna aliyejali.

Nyaboke alikuwa juu ya ngazi akimalizia pembe ya mwisho Farhiya aliposhuka kwenye teksi. Alikuja mdomo umeshafunguka tayari. Hawo akabana kitambaa kifuani.

Farhiya akalikaribia gari. Mdomo ukajifunga. Akainama kidogo, akaugeuza uso huku na huku mbele ya ule ubavu mweupe, akaurekebisha ushungi wake uliokwenda upande. Kisha akafuta kwa kidole rangi ya mdomo iliyomshika jinoni.

"Mashallah," akasema polepole. Akatazama madirisha, akatazama mlango. "Hawo, na mimi nitakaa wapi humo ndani?"

Nyaboke aliuma kitambaa asicheke. Hawo, yule aliyelia, alifungua mlango kwa heshima zote.

"Kaa dirishani, Mama Abdiaziz," akasema. "Kuku wamekuachia nafasi."