Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Jua la mchana limewafungia watu ndani katika Palioriza, mji mdogo wa Ugiriki ambako huwezi kuchimba shimo la mnyanya usigonge kaburi la kale, na fundi mwashi Stamatis anajilaza kidogo juu ya kizingiti alichokiweka kwa mikono yake. Nyumba ni ya binti yake, Mirto. Huko baba haozi binti bila kumpa nyumba, na harusi ni Jumapili. Jiwe la kizingiti alilikuta alipochimba msingi: jiwe la kaburi, limechongwa msichana amesimama mlangoni, na jina lake juu. Angetoa taarifa, maofisa wa mambo ya kale wangemsimamishia ujenzi miaka mitatu. Akapiga moyo konde, akalilaza kifudifudi bila hata kulisoma jina, akamwaga saruji. Sasa ubaridi wake unamwingia mgongoni, na usingizi unamchukua.

Anazama. Jiwe linampisha, na upande wa pili ni Palioriza ileile, ila imepinduliwa: kanisa liko kushoto badala ya kulia, mtaa wa mwoka mikate unapanda badala ya kushuka, unapanda, unapinda, unamrudisha alipoanzia. Kila mlango una mtu aliyelazwa kifudifudi mbele yake, na Stamatis anakanyaga migongo, samahani, samahani, hana pengine pa kukanyaga. Msichana asiye na uso anamtangulia. Pale penye uso ni bapa tu, kama saruji iliyosawazishwa kwa mwiko, na Stamatis anaujua mwiko huo. Mwanangu, anauliza, nyumba ya binti yangu iko wapi? Ni ile inayokanyagwa kabla ya kuingiwa, anajibu msichana. Nitaitambuaje? Mwite binti yako, mwenye jina ataitika. Anafungua kinywa. Jina halipo. Alilolitaja usiku kucha mtoto alipokuwa na homa, jina la mama yake mwenyewe, maana huko mjukuu hurithi jina la bibi, halipo. Jina la mwanangu umelipeleka wapi? analia. Na langu, baba, anauliza msichana, ulilipeleka wapi?

Anazinduka jasho likimtiririka. Kanisa liko kulia. Ndani mtu anafagia huku akiimba. Ni binti yake, anaijua sauti, lakini jina bado hana. Anachukua mtaimbo. Harusi na ivunjike, miaka mitatu na iwe mitatu. Anabomoa saruji, anasukuma, jiwe linapinduka. Msichana yupo, ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, ila uso umebanduka na saruji. Herufi ni nzima. Anazifuata kwa kidole, moja moja, anazisoma kwa sauti: Mirto.

Ufagio unanyamaza. Abee, baba, anaitikia binti kutoka ndani, na anakuja mlangoni, anashika mwimo kwa mkono mmoja, na jua limempiga hivi kwamba uso wake hauonekani. Stamatis amepiga magoti, na hathubutu kugeuka kutazama kanisa liko upande gani.