Wino wa Kidole Gumba

Harufu ya kuku wa kukaanga ilijaa darasani, na Wamucii alikuwa hajatia kitu tumboni tangu uji wa alfajiri. Muchiri, ajenti wa Mheshimiwa Gitahi, alikuwa ameletewa chakula kwenye mfuko wa karatasi. Alikula polepole, akilamba vidole kimoja kimoja, na sanduku la kura lilikaa mezani mbele yao bado limefungwa. Wamucii alikuwa ajenti wa Debra, mpinzani wa Gitahi, na hakuna aliyekumbuka kumletea kitu. Alikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa mbao, amebana mkojo. Kutoka hakuthubutu. Katika uchaguzi uliopita ajenti wa upande wao alitoka kwenda chooni, na aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa ndani.

Nje, kwenye dirisha lisilo na vioo, walisimama akina mama wazee wa kikundi chake, wamevaa masweta na kujifunga vitambaa vichwani. Askari alikuwa amewafukuza vijana wote hadi barabarani, lakini hawa aliwaonea haya, akawaacha. Walikuwa wamekuja kusikiliza habari ya maji yao.

Kisima cha kijiji cha Karuthi kilichimbwa kwa pesa za umma. Siku ya kukizindua kulikuwa na maombi, na Wamucii mwenyewe aliimba. Kisha ukuta ulijengwa, na kisima kikajikuta ndani ya ua wa nyumba za kupangisha za ndugu yake Gitahi. Kila asubuhi lori la maji lilitoka humo likielekea barabara kuu ya Waiyaki Way, kuwauzia matajiri wa mtaa wa Loresho. Wanakijiji waliachiwa bomba moja karibu na lango, na ufunguo wa lango hilo ulikaa mfukoni mwa Muchiri. Debra alipokuja kuomba kura hakuahidi barabara wala hospitali. Alisema atauvunja ukuta, basi.

Uchaguzi uliopita, wale wasiojua kusoma walisaidiwa kupiga kura. Afisa aliwauliza, "Unamtaka nani?" nao wakajibu kwa sauti, ajenti wote wakisikia. Juma lililofuata kila aliyetaja jina lisilo la Gitahi alirudishwa langoni na mtungi wake mtupu. Baadaye mahakama iliufuta uchaguzi ule kwa sababu nyingine kabisa, mambo ya mjini ambayo Karuthi hayakueleweka, na sasa walikuwa wakiurudia.

Safari hii Wamucii aliapa kwamba hakuna mzee atakayetaja jina mbele ya Muchiri. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru kwenye ukumbi wa kanisa, na sasa ndiye aliyewafundisha wenzake jioni. Wengi kalamu iliwashinda. Mkono uliozoea panga tangu utotoni ulitetemeka juu ya karatasi, na tiki ikaangukia kwa mgombea wa jirani. Lakini kidole gumba walikijua. Kikundi chao kiliamua kila jambo kwa kidole gumba. Chifu alitaka kidole gumba, benki ilitaka kidole gumba, na siku ya kugawa shamba la marehemu hakuna aliyeuliza sahihi. Wamucii aliona hakuna alama ya kweli kuliko hiyo. Akakata sponji vipande vidogo, akaviloweka katika wino wa zambarau wa muhuri wa kikundi, akamfungia kila mmoja chake kwenye kona ya leso. Jumapili waliviweka madhabahuni, wakaviombea.

Afisa msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu kijana, jina lake Caren, aliyetoka mbali na ambaye hakumjua mtu yeyote hapo. Alikata mihuri ya sanduku, akamwaga kura mezani, akaisogeza taa ya sola karibu. Aliinua karatasi moja moja, akaigeuza kwa ajenti, akataja jina.

"Gitahi."

"Debra."

"Debra."

Dirishani jina la Debra lilipokelewa kwa mnong'ono wa amina. Muchiri alifuta mikono kwa karatasi ya mfuko, akauliza kama hapa ni kanisani.  Caren aliendelea kutaja majina. Fungu la Debra likapanda, la Gitahi likapanda, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema lipi ni refu.

Ikatokea kura ambayo tiki yake haikuwa ndani ya kisanduku. Ilikuwa imechorwa juu ya picha ya Gitahi, katikati ya paji la uso. Caren aliitazama, akafungua kitabu cha mwongozo, akakifunga.

"Nia ya mpigakura inaonekana," alisema. "Gitahi."

Alimtazama Wamucii, naye Wamucii akatikisa kichwa kukubali. Aliona ni haki. Mtu aliyechora pale alimtaka huyo.

Karatasi chache baadaye, Caren alifunua moja, akaishusha bila kutaja jina. Katika kisanduku cha Debra, katikati kabisa, kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau, safi kama iliyowekwa benki. Moyo wa Wamucii ulijaa. Haikuwa imegusa hata mstari wa kisanduku.

Muchiri aliinua mkono kama mwanafunzi. "Madam, hiyo ni ya kukataliwa."

Caren aliuliza kwa nini.

"Sheria iko hapo kwa kitabu yako. Alama ikiweza kumtambulisha mwenye kupiga kura, kura imeharibika. Na hakuna kitu inatambulisha mtu kushinda kidole. Hata polisi wanajua."

Caren alipekua kurasa. Alisoma kimyakimya, midomo ikicheza, kisha akamwambia Wamucii kwamba ni kweli, imeandikwa hivyo.

"Madam, nisikize," Wamucii alisema. Alijizuia asiinue sauti. "Hapa hakuna mashine ya kusoma vidole. Hii kura ni ya nani? Mimi sijui. Wewe hujui. Huyu naye hajui. Kama hakuna mtu anajua, imemtambulisha nani? Na nia inaonekana, kama ile ya paji la uso."

Caren alishika kidevu. Aliinua ile karatasi akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku, na Wamucii akaona kwamba anataka kuikubali. Alianza kuomba moyoni. Aliomba haraka, bila maneno, akiukazia macho mkono ulioshika karatasi.

"Hiyo ni yangu."

Sauti ilitoka dirishani. Cucu wa Kimotho, nyanya aliyekuwa mzee kuliko wote katika kikundi, alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili na kuingiza uso kati yake. Alitabasamu. Alikuwa amewaona wakiitilia shaka kura yake, naye alikuwa hapo hapo, shahidi wa kazi ya mkono wake.

"Angalieni hapo katikati, kuna laini. Ni panga ilinikata nikikatia ng'ombe majani. Hiyo ni yangu, madam. Nilifinya mimi mwenyewe, hakuna mtu alinisaidia."

Alipitisha mkono katikati ya nondo na kunyoosha kidole, ili walinganishe.

 Taa ya sola ilimulika kidole kile, zambarau mpaka chini ya ukucha, na kovu jeupe likikikata katikati. Wamucii alitaka kumwambia auondoe mkono, lakini ulikuwa umekwisha kuonekana. Muchiri hakucheka wala kushangilia. Alikunja mfuko wake wa kuku vizuri, akautia chini ya dawati.

"Madam," alisema kwa upole, "mwenyewe ameitambua."

Caren aliiweka karatasi pembeni, mbali na mafungu yote mawili. "Imekataliwa," alisema.

Cucu wa Kimotho aliuliza wenzake madam amesema nini. Mmoja akamwambia labda wameiweka mahali pa heshima, kwa kuwa haikuchanganywa na zingine.

Baada ya hapo zilikuja nyingi. Nyingine zilifuatana, kwa maana wale wazee walikuwa wamepanga foleni pamoja, wakishikana mikono. Kidole cha zambarau katika kisanduku cha Debra. Imekataliwa. Kidole cha zambarau. Imekataliwa. Kila mara Wamucii alisema anapinga, na kila mara Caren aliandika kwamba amepinga, bila kuinua macho. Mwishowe aliweka kalamu chini na kumwambia kwamba uamuzi wake ni wa mwisho hapo kituoni, na kama upande wao hauridhiki, mahakama zipo. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kisha, polepole, akaongeza kwamba yeye pia ana nyanya yake nyumbani.

"Mwalimu," Muchiri alimnong'oneza Wamucii, akiinamia dawati lake, "umewafundisha poa sana. Hakuna hata mmoja amekosea kisanduku."

Walipotoka darasani, wazee walimzunguka Wamucii wakitaka kujua. Aliwaambia matokeo ya vituo vyote bado yanakusanywa. Kwa alivyojua yeye ilikuwa kweli, na ilimwondolea haja ya kusema lingine. Alikwenda nyuma ya choo, akakojoa, akampigia simu Zachariah, ajenti mkuu wa Debra, wakili mwenye ofisi katikati ya mji. Zachariah alikuwa kwenye ukumbi wa kujumlisha kura, na nyuma yake watu walikuwa wakiimba. Wamucii alisikiliza wimbo kwanza, ajue ni wa upande gani. Haukuwa wa upande wao.

Alimweleza habari ya vidole. Zachariah alimwacha amalize, kisha akauliza, "Vilikuwa vingapi?"

Wamucii alimwambia.

Alisikia karatasi zikipekuliwa. Zachariah alisema Gitahi amepita kwa tofauti ya kura chache kuliko hizo. Akauliza ni nani aliyewafundisha akina mama ujinga huo. Hakungoja jibu. Alisema yeye mwenyewe aliwasomea sheria hiyo kwenye semina ya ajenti pale hotelini. Wamucii aliikumbuka semina. Ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na alipoinua mkono kuuliza jambo waliambiwa maswali yaje baada ya chai. Baada ya chai watu walipewa nauli, wakatawanyika.

Aliuliza habari ya mahakama. Zachariah alipumua. Alisema kesi inawezekana, ila wazee wangelazimika kuja mbele ya jaji na kubonyeza vidole tena, mmoja mmoja, majina yao yakisomwa, mawakili wa Gitahi wakiwa wameketi hapo wakiandika.

"Watakubali?" aliuliza.

Wamucii alifika nyumbani akapiga magoti kando ya kitanda alikolala bintiye Kui. Alisema, "Bwana." Alingoja maneno mengine yaje. Alikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na alichokuwa nacho bado ni neno lile moja.

Asubuhi alikuta habari imemtangulia langoni. Wazee wa kikundi walikuwa wamepanga mitungi yao ukutani, nao wamesimama kando yake, mikono imefichwa ndani ya masweta. Hawakumsalimu kwa kelele kama kawaida. Baadhi walikuwa wamesugua vidole kwa majivu na jiwe la kusugulia miguu usiku kucha, mpaka ngozi ikachubuka, na wino ukabaki palepale chini ya ngozi iliyochubuka. Mmoja alikuwa amejifunga kitambaa, kama aliyejikata na kisu.

Muchiri alifungua lango nusu, akasimama katikati yake. Hakutukana mtu. Aliwaamkia wote kwa adabu, akawauliza habari ya usiku. Kisha akasema maji ya leo ni kidogo, kwa hivyo kila mtu atoe mikono nje kwanza, yeye avione vidole gumba.

Hakuna aliyetoa. Cucu wa Kimotho alimtazama Wamucii usoni, kama darasani anapotaka kujua kama amepatia.

"Mama Kui," Muchiri alisema. "Anza wewe."

Wamucii alikuwa amepiga kura yake kwa kalamu, na wino pekee aliokuwa nao ni ule wa kituoni, kwenye kidole cha mwisho, kama wapigakura wote. Hakuwa na mahali pa kuificha mikono. Ilikuwa imeshika mtungi. Muchiri aliinama akaitazama kwa makini, akaigeuza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Wewe unajua kuandika," alisema. "Wewe uko na mkono safi. Ingia."

Kwa vile hakuingia, aliuchukua mtungi kutoka mikononi mwake, taratibu, akaubeba mwenyewe hadi kwenye bomba na kuufungulia maji. Yalitoka kwa nguvu. Mtungi ulijaa, naye hakufunga. Alikuwa amegeuka kuzungumza na dereva wa lori. Maji yalifurika juu ya mdomo wa mtungi, yakashuka kwenye saruji, yakapita chini ya lango mpaka nje, na wale wazee wakasogeza miguu yao nyuma, wasiyakanyage.